Siku Nilipopiga Marufuku Uyoga wa Kidahwe

Jamani, hili nalisimulia mara moja tu, na atakayecheka katikati nanyamaza. Nina aibu nalo mpaka leo. Ukinikuta kwenye gari la Kasulu utaniona tukikaribia Kidahwe nainama kufunga kamba za viatu, hata kama siku hiyo nimevaa ndala, kwa sababu pale barabarani kuna akina mama wauza uyoga wanaonijua kwa sura, kwa jina, na kwa jina lile jingine walilonipa wenyewe ambalo sitalitaja hapa.

Mimi ni mtu wa Singida, naitwa Elibariki, na Kigoma nimeletwa na serikali. Kazi yangu ni ya masjala: barua ikija naipokea, naigonga muhuri, naiandika kwenye rejista, naitia kwenye faili lake, basi. Ni kazi nzuri, ila haina maelezo marefu mtu akikuuliza unafanya nini. Sasa wiki ya kwanza nilipohamia Katubuka kukatokea msiba jirani, na nguo ya heshima niliyokuwa nayo ilikuwa suti moja nyeusi, nikaivaa, nikaenda na faili kwapani (ndani ya faili mlikuwa na mkataba wangu wa kupanga chumba, nilikuwa natoka kuutolea nakala). Mama mmoja akaniuliza, "Samahani baba, wewe ni wakili?" Nikakohoa. Naapa sikusema ndiyo, nilikohoa tu, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu, nikisema ukweli wote, swali lile lilinipendeza. Kesho yake mtaa mzima unaniita Wakili, na mimi naitika.

Miezi minane niliitika. Watu waliniletea mipaka ya viwanja, talaka, mbuzi aliyekula mchicha wa jirani, nami nikawajibu kwa maneno ya kwenye barua za ofisini: "rejea," "kwa mujibu wa," "mamlaka husika." Maneno hayo yana sifa moja nzuri sana, mtu akiyasikia anaondoka ameridhika na wala hajaambiwa kitu.

Basi ikafika Jumamosi moja asubuhi, mvua za kwanza zimeshanyesha, nimekaa barazani nachambua uyoga niliokuwa nimenunua Ijumaa njiani Kidahwe, mara akaja Mzee Hussein. Huyu ndiye baba mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Ujiji, mstaafu wa reli, mtu wa safu ya mbele msikitini, na mwanawe wa pekee, Jumanne, yuko Marekani katika jimbo linaloitwa Kolorado, anatunza wazee wa watu kule. Mzee alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chai ya moto.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuingie ndani. Hili si la barazani."

Tulipoingia akabonyeza, sauti ya Jumanne ikatoka: "Baba usiwe na wasiwasi, huku jimboni kwetu ule uyoga wa kulevya sheria imeuruhusu, nimeotesha kidogo kwenye ndoo chumbani, nasikia unasaidia usingizi." Ujumbe ulikuwa mrefu, na mambo mengine mengi yalifuata, lakini Mzee alipofika kwenye neno "kulevya" masikio yake yalikuwa yamefunga ofisi.

"Wakili," akaniambia, na macho yake yamelowa, "nieleze. Mwanangu atafungwa au hatafungwa?"

Hapo, ndugu zangu, ningesema "Mzee, sijui," saa hizi tungekuwa tunaongea mambo ya mpira. Badala yake nilirekebisha kola (nilikuwa nimevaa fulana, haina kola) nikasema, "Mzee, nipe saa moja niandae maoni ya kisheria."

Nikapanda juu ya tofali nyuma ya nyumba, pale mtandao unapokubali, nikaanza kusoma. Kumbe kilichomo ndani ya uyoga huo kinaitwa silosaibini (nilitamka mara tatu, mara ya tatu kuku akanigeukia), na kweli katika jimbo lile mtu mzima haruhusiwi kuuza lakini anaruhusiwa kuwa nao, na mambo mengine mengine. Nikashuka nikaandika kwenye simu, kwa mtindo ninaoujua mimi, mtindo wa masjala:

"YAH: HALI YA KISHERIA YA UYOGA JIMBONI. Rejea mazungumzo yetu ya leo asubuhi. Mtu mwenye umri wa miaka ishirini na moja na kuendelea anaruhusiwa kuwa na uyoga, kuuotesha nyumbani na kumpa mwenzake bila malipo. Kuuza uyoga ni kosa. Walio chini ya umri huo hawaruhusiwi. Atakayetaka kuutumia kama tiba aende kwenye kituo chenye leseni, na akae na msimamizi mpaka akili imrudie. Wako katika ujenzi wa taifa, Wakili Elibariki."

Mtaniuliza kwa nini sikuandika Kolorado. Sikuwa na uhakika linaandikwaje, na mtu wa masjala hakosei jina la mahali kwenye barua. Na kwa nini sikuandika "wa kulevya"? Mzee mwenyewe alinikataza, alisema, "Neno lile usiliweke, simu hii mama yake Jumanne huwa anaishika." Nikaona ni sawa, maana mimi najua, Mzee anajua, nani mwingine atasoma?

Mzee akasoma, akasema Alhamdulillahi, akataka amtumie Jumanne ili afuate masharti. Akavaa miwani, akatafuta jina, akabonyeza. Sasa kwenye simu ile, chini tu ya "Jumanne" kuna "Jumuiya Katubuka," ambalo ni kundi la mtaa wetu mzima.

Niliuona ujumbe ukiingia kwenye simu yangu mwenyewe. Mzee aliduwaa, kueleza hawezi maana ataeleza na ya mwanawe, akazima simu akaenda kulala asubuhi ile ile. Mimi nilikuwa na dakika kama tano hivi za kuandika "samahani, haya si ya huku." Nikaanza kuandika kabisa. Kisha jibu la kwanza likaingia: "Asante sana Wakili msomi, hatimaye mtu wa kutuelimisha," na la pili, na la tatu, na mikono ya kushukuru imepangwa mstari mzima. Hakuna mtu aliyewahi kuniita msomi tangu nizaliwe. Nikafuta nilichokuwa naandika, nikarudi kwenye uyoga wangu.

Jumapili mtaa ulikuwa umeshabadilika. Nyumba ya jirani nilimsikia Mama Asha akigawa chakula: "Asha, una miaka mingapi?" "Ishirini, mama." "Weka bakuli chini. Wewe kula dagaa." (Asha ana mume na mtoto mmoja, na mume naye alikuwa na ishirini na tatu, kwa hiyo alikula uyoga wa karanga peke yake huku mkewe anamtazama.) Mzee Bitwale, yule mwenye vidonda vya tumbo, alichukua hotpoti yake mpaka zahanati akakaa benchi. Muuguzi akamuuliza, "Mzee, unaumwa nini?" Akajibu, "Bado. Nasubiri msimamizi, nile kwanza." Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Ujumbe ulikuwa umeshafika Kasingirima na Ujiji, na nasikia wauza samaki huko walikuwa wanaulizana kama na migebuka nayo itatajwa wiki ijayo.

Ila yote hayo ni mchezo ukilinganisha na yaliyotokea Kidahwe. Pale wauzaji wanaongozwa na Mama Getruda, mwanamke mfupi, mwenye sauti, anayesomesha watoto watatu wa marehemu dada yake kwa uyoga na maharage, na msimu wa uyoga mnaujua, ni wiki chache tu, mvua ikizidi umekwisha. Jumapili hiyo basi zima likasimama, abiria wakashuka na simu mkononi, wakamsomea: kuuza ni kosa, kugawa ruksa, imesainiwa na wakili. Mama Getruda hana hofu na nyoka wa porini lakini ana hofu na karatasi, akagawa. Akagawa mpaka ndoo zikabaki tupu, na abiria mmoja akauliza kama ndoo nayo sheria imeitaja.

Jumatatu akina mama wakaja mjini, wametembea mstari mmoja na ndoo tupu kichwani, mpaka ofisi ya mtaa wetu. Simu yangu ikalia nikiwa kazini. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa. "Wakili, saa kumi kuna mkutano wa dharura. Tunakuhitaji. Vaa suti."

Nikaenda. Kwa nini nilienda? Nimejiuliza sana. Treni ya Dar ilikuwepo siku ile, ningeweza kupanda nikashukia hata Tabora. Lakini nilienda, nikawekwa meza kuu yenye kitambaa, pembeni yangu polisi kata, na mwenyekiti akashika kipaza sauti akasema, "Leo tunaye wakili msomi, kijana wetu wenyewe." Watu wakapiga makofi. Mzee Hussein alikuwa safu ya mbele, tasbihi mkononi, uso kama jivu.

Mama Getruda ndiye aliyeanza. Alisimama, akaweka ndoo chini taratibu.

"Mimi uyoga nimeuokota porini. Mvua imeninyeshea, siafu wameniuma, nimeubeba kwa shingo hii. Leo sheria inasema nigawe bure. Sawa. Ila nauliza kwa heshima: hiyo nguo ya wakili, alipewa bure?"

Watu walipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Nikasimama, nikasema kwamba kisheria neno "kuuza" lina tafsiri pana, na kwamba hakuna kinachomzuia Mama Getruda kumpa mtu uyoga kama zawadi, na yule mtu naye, kwa hiari yake, papo hapo, akampa Mama Getruda zawadi ya shukrani yenye thamani inayolingana. Makofi! Wakanishangilia! Mtu mmoja anayejiandaa kugombea udiwani akanyanyuka bila kuitwa akasema anawashukuru wananchi, suala la uyoga jimboni amelipigania muda mrefu kimyakimya, na ataendelea. Nikaketi, nikajifuta jasho, nikawaza, Elibariki, umepona.

Polisi kata akainua kidole. Mtu mtaratibu, mwembamba, hakupiga makofi hata mara moja.

"Wakili, naomba unisaidie. Hapa umeandika jimboni. Ni jimbo gani?"

Nilitazama kitambaa cha meza. Kilikuwa na maua.

"Kolorado," nikasema.

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kikalisema mara mbili. Mwenyekiti akainamia sikio langu: "Kolorado iko kata gani?" Kabla sijajibu, bwana mmoja nyuma akapaza sauti kwa uhakika kabisa, "Ni kule juu, karibu na mpaka wa Burundi! Nina shemeji kule!"

"Iko Marekani," nikasema.

Na hapo, kutoka upande wa mlangoni, nikasikia sauti ninayoisikia kila siku saa moja na nusu asubuhi. Bi. Mwanaidi, afisa utumishi wetu, mama wa Kitanga anayeongea polepole kama anamimina asali, kumbe naye anakaa mtaa wa pili na alikuja kwa ajili ya uyoga tu.

"Samahani, mwenyekiti. Huyo hapo mbele si Elibariki wangu wa masjala?"

Nimewahi kuanguka kwenye ngazi, nimewahi kukosea kaburi nikamlilia marehemu nisiyemjua. Hakuna kilichofanana na sekunde ile. Mama Asha aliuliza, "Masjala ndiyo mahakama gani?" na Bi. Mwanaidi akajibu kwa upole, "Ndiyo mahali anapogonga mihuri."

Polisi kata akageuza kiti chake kunitazama vizuri. "Kwa hiyo wewe si wakili. Na uyoga huu wa Marekani ni upi?"

"Ni... ule wa kulevya, afande."

"Yebaba we!" akasema Mama Getruda, akaketi juu ya ndoo.

"Na kilichokufanya uutafute uyoga wa kulevya ni nini? Nani alikuuliza?"

Nilimtazama Mzee Hussein. Vidole vilikuwa vimesimama juu ya tasbihi. Nyuma yake walikuwa wamekaa watu aliowaswalia wazazi wao, na mkewe alikuwa upande wa akina mama, anamtazama yeye, hajui lolote. Kusema kweli jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lingeniokoa nusu. Lakini nikakumbuka macho yake Jumamosi ile, na kwamba alikuja kwangu kwa sababu ya uongo wangu mimi, angejua mimi ni mgonga mihuri angemuuliza mtu mwenye akili.

"Hakuna aliyeniuliza," nikasema. "Nilikuwa nataka kujua mwenyewe."

Mkutano mzima ukasema "Aaaaah," ile ndefu, ya watu walioelewa kila kitu. Miezi minane yangu yote ya "rejea" na "mamlaka husika" ikapata maelezo.

"Twende kwako," akasema afande.

Tukaenda, mkutano wote. Mimi mbele na suti, afande, mwenyekiti, mgombea mtarajiwa (ambaye sasa alikuwa anasema suala hili amelipinga muda mrefu), akina mama na ndoo zao, Mzee Bitwale na hotpoti. Wakajaa uani. Afande akaingia chumbani kwangu akatoka na sufuria ya uyoga uliobaki, akaishika mbali na mwili, akauliza, "Nini hiki?"

"Ni mboga yangu, afande."

Hakuna aliyeniamini, na mimi ningekuwa wao nisingeniamini. Mama Getruda akasukuma watu akaja mbele, akafunua, akanusa. "Huu ni wangu. Nilimuuzia Ijumaa, alinisumbua nimwongezee." Akachukua kijiko, akala. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Akala kijiko cha pili. Halafu, sijui nani alianza, watu wakaketi chini kumtazama. Mwenyekiti aliangalia saa. Tulikaa pale, uwanja mzima, tunamtazama mwanamke mmoja tunangoja akili imtoke.

Mama Getruda alitutazama mmoja mmoja, mabega yakaanza kutikisika, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umempanda kichwani!" akapiga kelele Mama Asha. "Umeanza kumpanda!"

"Nawacheka ninyi!"

Afande akamsogelea kwa tahadhari. "Mama, leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Hapa tuko jimbo gani?"

"Muulize wakili," akasema Mama Getruda.

Ndipo afande, naye midomo inamcheza, akatangaza kwamba uyoga wa kulevya ni dawa za kulevya nchi hii nzima, hakuna jimbo lenye sheria yake, na uyoga wa chakula haujawahi kuwa kosa popote, uuzwe, ununuliwe, uliwe na mtoto wa miaka miwili. Akanionya kwamba nikijiita wakili tena tutaonana mahali pengine, bila kitambaa cha maua. Mwenyekiti akaongeza adhabu yake: Jumamosi mbili nisimame Kidahwe na kipaza sauti, nitangaze kuwa uyoga unauzwa. Nilisimama. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo, watu wananipiga picha, lakini Mama Getruda aliuza mpaka saa sita hana kitu, na siku ya pili alinipa mahindi ya kuchoma bila kusema neno.

Mzee Hussein alinifuata asubuhi moja kabla sijaenda kazini. "Sikukutuma unisitiri," akasema. Nikamwambia najua. Akakaa kwenye ngazi. Akaniambia amempigia Jumanne, na safari hii amemsikiliza mpaka mwisho, kumbe mtoto anafanya zamu za usiku mwaka wa pili, amepoteza usingizi na ana upweke, na kwenye ndoo ile haukuwa umeota uyoga hata mmoja. "Nimemwambia aende hospitali, na anipigie kila siku hata kama hana la kusema. Mimi nilisikia neno moja tu, mwanangu. Alikuwa ameongea dakika nne."

Ofisini nilipata barua ya kutakiwa kujieleza. Na barua, kama mnavyojua, haifiki mezani kwa mtu mpaka ipite masjala. Kwa hiyo niliipokea mimi, nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaiandika kwenye rejista, nikaitia kwenye faili langu, nikalibeba faili mpaka kwenye meza yangu, nikajisainisha kwamba nimelipata. Bi. Mwanaidi alikuwa anaona yote kupitia dirisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefunika uso kwa kanga.

Nilipewa onyo, nikabaki na kazi. Na nimejiwekea nadhiri: mtu akiniuliza jambo nisilolijua, namwambia sijui. Mwanzoni nilikuwa nalisema neno lile kwa kifua kigumu, nimejiandaa, nangoja mtu anidharau. Mtu anasema, "Haya, asante," anaenda kumuuliza mwingine. Ndiyo hivyo tu. Miezi minane yote ile nilikuwa nimelikimbia neno ambalo halichukui hata sekunde moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ananifukuza.